Wa kwanza kwenye ukoo kusoma sheria, na ziara ya Dodoma inataka laki mbili na sitini

Asalaam aleikum washauri wetu, na shikamooni.

Mimi ni binti wa miaka 21 kutoka Nachingwea, mkoani Lindi. Nipo nyumbani likizo baada ya kumaliza mwaka wa pili wa shahada ya sheria katika chuo kikuu kilicho nje ya mkoa wetu. Mwaka wa tatu unaanza Novemba. Kwetu hakuna aliyewahi kufika chuo kikuu. Baba na mama wanalima ufuta na korosho, kaka anaendesha bodaboda, dada aliishia kidato cha nne.

Kitivo chetu kimeandaa ziara ya mafunzo ya siku tano mara tu chuo kitakapofunguliwa, ili tuone kazi za kisheria zinavyofanyika. Dar es Salaam tutakwenda Shule ya Sheria, Mahakama Kuu na ofisi moja ya mawakili. Dodoma tutakwenda makao makuu ya Mahakama, Mji wa Serikali Mtumba na Bungeni. Mchango ni 260,000 na mwisho wa kulipa ni tarehe 15 Oktoba. Baba ana pesa kidogo iliyobaki ya ufuta, lakini ndiyo aliyoitenga kwa vibarua wa kuokota korosho. Pesa ya korosho yenyewe itakuja baada ya minada, na hapo tarehe ya chuo itakuwa imepita.

Jambo la pili ni mjomba, ambaye kwetu ndiye mwenye neno la mwisho. Ananiuliza, "Ukimaliza utakuwa nani, hakimu au wakili?" Nashindwa kumjibu kwa sababu mwenyewe sijui. Anasema pia kwamba uwakili ni kazi ya kutetea wezi. Na bado anataka nimwandikie kesi ya shamba la mikorosho la marehemu bibi, ambalo jirani ameingia, akisema tumekusomesha ili utusaidie.

La tatu ni aibu yangu. Wenzangu kadhaa wazazi wao ni wanasheria, wanajua waulize nini na wanajua wavae nini. Mwaka wa kwanza tulipelekwa mahakamani asubuhi moja, nikakaa nyuma kabisa, nikatoka na picha na bila kuelewa kitu. Naogopa ziara hii nayo itaishia hivyo hivyo, tena kwa pesa ya baba. Je, niende? Na nikienda, nitafute nini?

Binti wa Nachingwea

*

Wa aleikum salaam mwanetu, na marahaba.

Tuanze na pesa kwa sababu ndiyo yenye tarehe. Kabla baba hajatoa hata shilingi, mwandikie mratibu wa ziara ujumbe, ili na jibu lake liwe la maandishi. Muulize kama ziara ina alama ndani ya somo lolote. Kama ina alama, una hoja nzito ya kuomba upangiwe namna ya kulipa. Kama haina, kutokwenda hakutakushusha darasani. Omba mchanganuo: nauli kiasi gani, malazi ya usiku mingapi na mnalala wangapi chumba kimoja, milo mingapi kwa siku. Ukiwa na mchanganuo unaweza kuukagua. Treni ya SGR ilipoanza safari za Dodoma mwaka 2024, daraja la kawaida kutoka Dar es Salaam lilikuwa 31,000. Ukikuta kipande hicho kimeandikwa 70,000, uliza kwa upole kilichoongezeka ni nini. Mchango usio na mchanganuo una tabia ya kukua njiani. Mnafika Dodoma mnaambiwa chakula cha jioni kila mtu ajitegemee, na anayelala na njaa ni yule aliyekuja na nauli tu. Mwisho, muulize kama unaweza kulipa kwa awamu mbili, ya pili baada ya mnada wa kwanza wa korosho, na kama ukilipa kisha ukaugua unarudishiwa kiasi gani. Mratibu anayejua Kusini ataelewa habari ya minada. Asiyejua, mweleze kwa sentensi mbili.

Pesa ya vibarua isiguswe. Korosho zikilala chini zikanyeshewa zinashuka daraja, na hasara hiyo itazidi mchango wenyewe. Mikopo ya kausha damu ndiyo usiisogelee kabisa. Kama una mkopo wa Bodi ya Mikopo, piga hesabu hivi: mwanafunzi anayepata chakula na malazi kwa kiwango cha 10,000 kwa siku hupokea bumu (pesa ya kujikimu) la siku 60, yaani 600,000. Laki mbili na sitini ni siku 26 za kula na kulala. Toa siku tano ambazo ziara itakulisha, unabaki na siku 21 za kuziba. Ukiweza kuziziba kwa awamu mbili bila kukopa, nenda. Ukishindwa, usione umepitwa na maisha, kwa sababu sehemu kubwa ya kile ziara inachofundisha ipo kwenye mahakama za hapo Kusini, kwa nauli ya basi, na mlangoni hutozwi kitu.

Hilo ndilo tunalotaka ulishike. Ziara humfaa aliyekwisha kaa mahakamani akaelewa anachokiona. Uliporudi na picha tu mwaka wa kwanza haukuwa uzito wa akili. Mwanafunzi akipelekwa mahakamani bila maandalizi hukutana na mashauri yanayotajwa tu. Mshtakiwa anaitwa, mwendesha mashtaka anasema upelelezi haujakamilika, hakimu anapanga tarehe nyingine, anaitwa mwingine. Kwa saa nzima unaweza kuona mashauri kumi na tano na usisikie shahidi hata mmoja. Asiyejua tofauti ya kutajwa na kusikilizwa huondoka akidhani ameona kesi. Una wiki kadhaa kabla chuo hakijafunguliwa. Zitumie hapo hapo nyumbani.

Anza na Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu nawe. Nenda siku ya kazi, ufike saa mbili asubuhi, umtafute karani. Msalimie, onyesha kitambulisho cha chuo, umwambie wewe ni mwanafunzi wa sheria na unaomba kuketi kwenye mashauri ya wazi. Mahakama kwa kawaida ni ya wazi kwa umma, kwa hiyo huombi upendeleo. Zipo zinazofungwa, hasa mashauri ya watoto, na karani atakuambia. Kisha muulize swali hili: "Leo, au wiki hii, kuna shauri gani lililopangwa kusikilizwa mashahidi?" Hilo ndilo litakalokuondoa kwenye msururu wa kutajwa. Orodha ya mashauri hubandikwa pia ukutani, na karibu na kila namba huandikwa limekuja kwa ajili gani.

Simu izimwe, kuiweka kimya hakutoshi. Usirekodi wala kupiga picha ndani. Hakimu akiingia unasimama, ukiingia au kutoka shauri likiendelea unainamisha kichwa kidogo, na hutoki shahidi akiwa katikati ya sentensi. Keti upande unaomwona shahidi usoni.

Daftarini andika namba ya shauri na aina yake, hatua iliyofikia, nani alisimama, aliomba nini, hakimu aliamua nini na kwa sababu gani, na tarehe inayofuata. Sehemu ya sababu ndiyo wanafunzi wengi huiacha, nayo ndiyo sheria yenyewe. Majina ya mashahidi na ya wadaawa, yaani wenye kesi, usiyaandike kwa ukamilifu, weka herufi tu, na lolote ulilolisikia lisiende kwenye magrupu ya WhatsApp. Kwenye shauri la jinai fuatilia shahidi anavyopitia mikono mitatu: maswali ya upande uliomleta, maswali ya dodoso ya upande wa pili, halafu ya ufafanuzi. Ukiona wakili anauliza dodoso fupi fupi zinazojibiwa ndiyo au hapana, jiulize kwa nini hampi shahidi nafasi ya kueleza. Hapo utajifunza jambo ambalo mhadhara wa saa mbili hauwezi kukupa.

Baada ya Mahakama ya Mwanzo panda Mahakama ya Wilaya, halafu jipangie siku mbili za Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, ambayo kwa miaka mingi imehudumia Mtwara na Lindi. Usikurupuke kwenda. Kwanza piga simu au angalia orodha ya mashauri kwenye tovuti ya Mahakama, ulenge wakati wa vikao vya jinai. Kesi za mauaji husikilizwa huko, mashahidi huja mfululizo, na utaona mawakili wa serikali na mawakili wa utetezi wakifanya kazi siku nzima. Kwa kuketi tu huhitaji barua. Ila ukitaka kuongea na mtu ofisini au kuonyeshwa masijala, nenda na barua ya utambulisho ya chuo: kwa Mahakama Kuu ielekezwe kwa Naibu Msajili, kwa wilaya kwa Hakimu Mkazi Mfawidhi. Iombe chuoni sasa hivi kwa barua pepe, maana likizoni ofisi hujibu taratibu.

Jioni, ukiwa na mtandao, fungua tovuti ya TanzLII. Hukumu na sheria za nchi zimewekwa humo bure. Tafuta hukumu tano za Mahakama Kuu ya Mtwara, za ardhi mbili, za jinai mbili na moja ya mirathi. Kila moja iandikie ukurasa mmoja: nani alilalamika, swali la kisheria lilikuwa lipi, limejibiwaje, na aliyeshindwa alikosea wapi. Utashangaa ni mara ngapi mtu hushindwa kwa sababu ya utaratibu, haki yake haijaguswa kabisa: rufaa imechelewa, hati ya kiapo ina kasoro, aliyefungua shauri hana mamlaka. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama, lakini hukumu na sheria nyingi ulizo nazo bado ziko kwa Kiingereza. Basi hapo unafanya mazoezi ya lugha zote mbili kwa pamoja.

Sasa ziara yenyewe, kituo kwa kituo.

Shule ya Sheria, ambayo jina lake rasmi ni Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ndiyo kituo usichotakiwa kusinzia. Ilianzishwa kwa sheria ya 2007 na ikapokea wanafunzi mwaka 2008. Uwakili unapita hapo, na matangazo ya kazi za hakimu mkazi na wakili wa serikali nayo hutaka mtu aliyepita hapo. Mwaka 2022 nchi nzima iliizungumzia pale matokeo ya kundi moja yalipoonyesha kuwa kati ya wanafunzi 633 waliofaulu masomo yote ni 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo na 265 waliondolewa. Serikali iliunda kamati kuchunguza. Hatukutajii takwimu hizo ili zikutishe. Tunataka uone kwamba kinachopimwa pale ni mtu anayeweza kuandaa hati ya madai, majibu yake, kiapo na maombi, na kuendesha shauri. Mtu wa aina hiyo huanza kujengwa chuoni, mwaka wa tatu. Kwa hiyo wakati wenzako wanauliza ada, wewe uliza hivi: "Ni nyaraka zipi ambazo wanafunzi wengi huja hawajawahi kuziandaa hata mara moja?" Andika majibu, ukirudi chuoni uziandae moja baada ya nyingine umpelekee mhadhiri azisahihishe. Kuhusu ada, miaka ya karibuni Bodi ya Mikopo imekuwa ikitoa mwongozo wa pekee kwa wanaokwenda Shule ya Sheria. Usome ukiwa bado mwaka wa tatu, uone wanataka nyaraka gani za wazazi.

Kwenye ofisi ya mawakili usiulize changamoto ni zipi. Swali hilo huzaa hotuba. Uliza: "Jana ulianza na kazi gani asubuhi, na ilikuchukua muda gani?" Uliza mteja wa mwisho alikuja na shida gani, bila jina. Uliza mhitimu mpya akija pale miezi sita ya kwanza hupewa kazi zipi, na hukosea wapi. Mshahara usiuulize uso kwa uso. Uliza wakili mpya hukaa kwa wenzake muda gani kabla ya kufungua ofisi yake, na jibu litakuonyesha hali ya kipato. Na usimsahau karani wa ofisi. Yeye ndiye anayejua nyaraka zinakataliwa masijala kwa sababu gani, na hakuna mwanafunzi anayemuuliza.

Dodoma kuna mtego mmoja: ofisi tatu ambazo wanafunzi huzichanganya mpaka siku ya usaili wa kazi. Mwanasheria Mkuu wa Serikali ndiye mshauri wa serikali, na ofisi yake huandika miswada na kupitia mikataba. Wakili Mkuu wa Serikali huisimamia serikali kwenye mashauri ya madai na usuluhishi. Mkurugenzi wa Mashtaka anaongoza Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, na kazi yake ni jinai. Mgawanyo huo ni wa mwaka 2018. Anayependa kuandika na kuchambua kwa utulivu atajikuta anavutwa na ofisi ya kwanza. Anayependa kusimama na kuhoji mashahidi atavutwa na ya tatu. Jiangalie unavutwa wapi unapowasikiliza, uandike usiku ule ule kabla wenzako hawajaanza kukuambia kazi ipi ina heshima. Jengo la makao makuu ya Mahakama lilizinduliwa Aprili 2025 na ni kubwa, mtatembezwa sana. Tenga swali lako kwa msajili au naibu msajili: hakimu mpya anapangiwaje kituo, na anaweza kukaa wilayani muda gani? Kwa binti mwenye wazazi Nachingwea swali hilo lina uzito. Bungeni pita tu; ni pazuri kupaona, ila kwa kutafuta kazi halitakupa mengi.

Maswali yako yawe sita, yameandikwa kwenye karatasi moja kabla ya safari. Mara ya kwanza uliza wewe wa pili au wa tatu, baada ya mwenzako kuvunja ukimya. Jitambulishe kwa jina, mwaka wa masomo na unakotoka, kisha swali moja fupi. Kiswahili kinatosha kabisa. Wenzako wenye wazazi wanasheria wanalo jambo moja usilonalo, nalo ni kwamba wamesikia maneno haya mezani tangu utotoni. Wewe ukiwa umekaa siku sita au saba mahakamani Nachingwea na Mtwara, utakuwa umeyasikia kwa wenyewe.

La nguo lisikukoseshe usingizi. Sketi nyeusi iliyovuka magoti, blauzi nyeupe ya mikono, hijabu nyeusi au nyeupe, viatu vya kufunika vidole. Vyote vinapatikana kwenye nguo za mitumba, na suti si lazima kwa mwanafunzi. Kitu cha maana kuliko suti ni viatu ulivyokwisha kuvivaa wiki mbili, kwa sababu Mtumba mtatembea. Na kama unasafiri toka nyumbani kwenda chuoni wakati wa mvua, ondoka siku mbili kabla. Mei 2024 barabara ya Kusini ilikatika Somanga, na walioacha safari mpaka siku ya mwisho walikwama.

Mjomba mpe majibu ya heshima na ya kweli. Mwambie shahada yenyewe itakufanya mwanasheria, haikufanyi wakili wala hakimu. Baada yake kuna mwaka mmoja wa Shule ya Sheria, kisha maombi kwa Jaji Mkuu, kuapishwa, jina kuingia kwenye Roli ya Mawakili, na leseni inayohuishwa kila mwaka. Uhakimu huombwa kupitia Tume ya Utumishi wa Mahakama, nafasi zinapotangazwa. Kama shahada yenu ni ya miaka minne, usimwahidi chini ya miaka mitatu na nusu kuanzia Novemba hii. Mwambie pia kuna kazi nyingine ambazo watu wa kwetu wanazihitaji: mwanasheria wa halmashauri, wa benki, wa chama kikuu cha ushirika. AMCOS zetu, yaani vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima, zinaendeshwa kwa Sheria ya Vyama vya Ushirika ya 2013, na korosho yake inauzwa kwa stakabadhi ghalani. Mkulima anayeelewa karatasi anayosaini ni adimu, na mwanasheria wa kumsomea ni adimu zaidi. Kuhusu kutetea wezi, maneno peke yake hayatamgeuza. Mwombe aje nawe Mahakama ya Wilaya asubuhi moja, aketi mpaka amwone mshtakiwa asiye na wakili akijaribu kumhoji askari. Atakuuliza maswali njiani mkirudi.

Shamba la marehemu bibi ndilo tunalokuomba uwe nalo makini kuliko yote. Huruhusiwi kumwakilisha mtu kama wakili, na kuandaa nyaraka za kisheria kwa malipo bila sifa ni kosa. Hivyo ndivyo mawakili vishoka wanavyoanza, wengi wao kwa kusaidia ndugu. Lakini kuna msaada halali unaoweza kuutoa leo. Kaa na mjomba uandike mtiririko wa tarehe: bibi alipata shamba mwaka gani na kwa nani, alipanda mikorosho lini, alifariki lini, jirani aliingia lini, nani aliona. Pima mipaka kwa hatua, taja majirani wa pande zote nne.

Kisha muulize swali ambalo familia nyingi hazijiulizi: nani ni msimamizi wa mirathi ya bibi? Kama hakuna aliyeteuliwa na mahakama, mjomba akifungua shauri kwa jina lake mwenyewe huenda likatupwa bila mashahidi kusikilizwa, kwa kuwa mali ni ya marehemu na yeye hana mamlaka ya kuisimamia. Waanzie hapo: kikao cha ukoo chenye muhtasari uliosainiwa, cheti cha kifo, na maombi Mahakama ya Mwanzo. Baada ya uteuzi, mgogoro uende Baraza la Kata. Tangu 2021 Baraza la Kata linasuluhisha tu, haliamui. Likishindwa ndani ya siku 30, ndipo mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Anayemwambia mjomba kwamba kata itatoa hukumu anamweleza mambo ya zamani. Na wasikae sana. Madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na miaka hiyo inahesabiwa hata wakati familia inaendelea kuvutana kikao baada ya kikao. Kwa msaada usio na malipo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri inawafahamu, nenda na mjomba mkawaulizie.

Ziara ikiisha, ndani ya siku tatu andika ujumbe mfupi wa shukrani kwa watu wawili au watatu waliokujibu vizuri, ukitaja jambo moja ulilojifunza kwa kila mmoja. Usiombe kazi. Halafu Januari, kabla wengine hawajaamka, anza kuomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo ya likizo ijayo, na uombe Kusini: Mahakama Kuu Mtwara, Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, halmashauri yenu, au Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye ofisi Lindi mjini. Utalala kwa ndugu, utakula nyumbani, na utapewa majalada halisi mapema zaidi kuliko mwenzako aliyebanana na wanafunzi thelathini katika ofisi moja ya Dar es Salaam. Kwenye barua taja tarehe ya kuanza na kumaliza, ambatisha barua ya chuo na matokeo ya miaka miwili, na peleka nakala mbili ili moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa.